Wazee wa Katavi na Fedha za Utafiti

Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, una sifa moja ambayo kila mwenye kuzisoma hesabu za sensa huiona mara moja, nayo ni kwamba hakuna mkoa mwingine wa Tanzania ulioongezeka watu kwa kasi kama yake: mwaka ule ule wa kuzaliwa kwake walihesabiwa watu 564,604, na sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Katika wingi huo wa watoto, na wa vijana waliofuata ardhi, malisho na dhahabu, mzee hupotea machoni. Walakini yupo, tena ni wa asili nyingi. Yupo Mpimbwe, Mkonongo na Mbende aliyezaliwa katika misitu hii hii. Yupo Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Yupo mwana wa kibarua aliyechimba madini ya risasi katika mgodi wa Uruwira, ambao kwa ajili yake reli ilivutwa kutoka Kaliua hadi Mpanda. Na wapo, Katumba na Mishamo, waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa vijana, wakapewa hifadhi, kisha uraia, na sasa wanazeeka wakiwa Watanzania.

Wazee hawa huugua nini zaidi, huanguka na kuvunjika kwa kiasi gani, presha yao ikoje, wangapi kati yao wamepotewa na kumbukumbu, na ni nani atakayelipia gharama ya kuyajua hayo? Makala hii inahusu swali la mwisho, madhali hayo mengine yote yanalitegemea: bila fedha hakuna mpimaji, hakuna pikipiki ya kumfikisha Mwese wakati wa masika, wala hakuna kipimo cha sukari cha kutia katika mkoba wake. Fedha zenyewe duniani zipo, tena nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani. Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1974 ikiwa sehemu ya Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, imekuwa ikipewa zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Lakini ruzuku ina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo hasa ninayotaka kuieleza: aghalabu hufuata mahali ambapo watu wamekwisha kuhesabiwa.

Tuitazame Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Serikali ya Uingereza, ilianzisha huko, na kadhalika katika sehemu za Dar es Salaam na Morogoro Vijijini, mradi wa kuandikisha watu nyumba kwa nyumba na kuuliza, kila alipofariki mtu mzima, amekufa kwa maradhi gani. Daftari lile halikuandikwa kwa ajili ya wazee. Ila lilipokwisha kuwapo, likawa hazina. Profesa Richard Walker, tabibu wa wazee kutoka kaskazini mwa Uingereza, pamoja na wenziwe wa Kitanzania, walilitumia kwanza kuhesabu wagonjwa wa kiharusi, kisha wenye maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson, ambao walipatikana 33 katika wakazi zaidi ya 160,000, na walio wengi miongoni mwao hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaugua nini. Mwaka 2010 wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji 6, wakakuta kwamba kiasi cha 6 katika kila 100 wana maradhi ya usahaulifu.

Kutokana na kazi hiyo likazuka jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni zuri kuliko hesabu zote. Vipimo vya akili vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa ashike kalamu, achore umbo, aandike sentensi. Na bibi ambaye hakupata kwenda shule, hata akiwa na akili kali kama wembe, hushindwa na kalamu akahesabiwa mgonjwa. Watafiti wa Hai wakatunga kipimo kifupi ambacho ndani yake mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama kwa wingi kadiri awezavyo, na hukumbuka maneno aliyotajiwa dakika chache kabla. Aliyelipia kazi hiyo alikuwa Grand Challenges Canada, shirika la Kikanada linalopenda mawazo mapya ya gharama ndogo. Katika siku za karibuni taasisi ya utafiti wa afya ya Uingereza, NIHR, imegharimia mradi mkubwa wa Parkinson katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwamo. Tazama mfuatano wake: daftari la vifo likazaa hesabu ya wagonjwa, hesabu ikazaa kipimo, na kila hatua ikafungua mkoba wa mfadhili mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa Ifakara pia. Kwa kuwa taasisi ya afya ya huko ilikwisha kuwa na utaratibu wa kuandikisha kaya, Shirika la Afya Duniani lilipofanya uchunguzi wake wa uzee na siha ya watu wazima, Ifakara ilikuwa miongoni mwa vituo 8 vya Afrika na Asia vilivyochukuliwa, Nairobi ikiwa kimojawapo, na Taasisi ya Uzee ya Marekani ikachangia gharama.

Katavi, kwa upande wake, ilijulikana kwa watafiti kwa sababu nyingine. Zama za ukoloni wa Kiingereza fedha za utafiti wa tiba zilikuja magharibi kwa ajili ya malale, na watu wa misitu wakahamishwa kukusanywa katika makazi ya pamoja ili mbung'o wasiwamalize. Katika miaka ya 1990 Monique Borgerhoff Mulder, mtaalamu wa elimu ya binadamu, alianza kuandika habari za ndoa, uzazi na maisha ya Wapimbwe, kazi iliyoendelea miaka mingi. Mengine mengi yaliyoandikwa juu ya Katavi yanahusu viboko, mamba na nyati wa hifadhi, na sithubutu kusema kwamba wanyama hawastahili. Nasema tu kwamba kiboko wa mto Katuma amepimwa zaidi ya mzee wa Kakese.

Basi mtafiti wa Mpanda, tuseme daktari kijana wa hospitali ya mkoa mwenye hamu ya jambo hili, abishe wapi? Nyumbani iko Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ambayo hutoa ruzuku kwa kupitia mfuko wake uitwao MTUSATE. Matangazo yake aghalabu hutaja vipaumbele vya taifa, na uzee si neno litokezalo mara nyingi humo. Kwa hiyo mwenye busara huingia kwa mlango wa maradhi yasiyoambukiza, au wa lishe, au wa bima. Mlango huu wa bima sasa uko wazi kuliko ilivyokuwa, kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na hapana serikali iwezayo kuendesha bima bila kujua gharama ya mzee. Hapo pana pengo la ajabu: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliokuta kwamba kiasi cha robo ya watu wazima wana shinikizo kubwa la damu, uliwapima wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ukakomea hapo, ilhali Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 humwita mtu mzee tangu 60. Daktari atakayeandika habari za miaka inayofuata 64 hataulizwa kwa nini anauliza.

Nje ya nchi milango inatofautiana kwa kimo. Kwa anayetaka shahada ya uzamivu uko muungano wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, ambao huwafadhili wahadhiri na watafiti wa taasisi wanachama. Kwa anayevutwa na maradhi ya ubongo iko Taasisi ya Afya ya Ubongo Duniani, ambayo huwachukua wanafunzi wake kwa muda San Francisco au Dublin, kisha huwarudisha makwao. Wellcome ya London, kwa aliyemaliza uzamivu si zamani, hutoa hadi pauni 400,000 za gharama za utafiti, mbali na mshahara. Ila ushindani wake ni mkali. Kituo cha Fogarty cha Marekani nacho kimekuwa kikiwatunukia watafiti wachanga wa nchi zisizo tajiri, wakabaki wakifanya kazi katika nchi zao.

Nasema kimekuwa, kwa maana mwaka 2025 uliyageuza mambo. Mwezi Mei Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilisimamisha utoaji mpya wa fedha zinazopita katika chuo cha Kimarekani kwenda kwa mshirika wa nchi za nje, mpaka uwekwe utaratibu mwingine. Na Uingereza, mwezi Februari, ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Aliyejenga kazi yake yote juu ya mfadhili mmoja amepata somo chungu. Hata kabla ya hapo ushirika ule haukuwa wa insafu sana: taasisi ya kigeni ilipewa na Wamarekani asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji, wakati chuo cha kwao hupata mara kadhaa ya hiyo. Asomaye mkataba wa ushirikiano asiishie kwenye jina lake kuandikwa. Atazame fedha zinalala wapi, na daftari la majina ya wagonjwa litabaki kwa nani mradi ukiisha.

Vibali navyo vina ngazi zake, na ni haki viwepo. Andiko hupita kwanza mbele ya kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Akiwamo mgeni, COSTECH lazima imruhusu. Kisha barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, hata afikiwe mzee mwenyewe, ambaye ana uhuru wote wa kukataa. Mwenye kupanga miezi 12 ya kazi bila kuhesabu muda wa barua hizi atamaliza nusu ya mwaka akiwa bado yu Mpanda mjini.

Yako pia maswali ambayo Katavi inaweza kuyauliza kwa haki kuliko Hai. Katika mikoa ya magharibi na ya kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yamekuwa miongoni mwa dalili zinazotajwa dhidi yao, macho ambayo aghalabu ni matokeo ya miaka mingi ya kupika kwenye moshi wa kuni na samadi. Utafiti wa macho ya wanawake wazee na majiko yao, ukifanywa pamoja na wataalamu wa jamii, ni utafiti wa tiba na wa usalama wa roho kwa wakati mmoja, nao haudai mashine kubwa. Kadhalika wazee wa Katumba na Mishamo: waliishi ujana wao katika ukimbizi, na elimu ya uzee inataka sana kujua athari ya dhiki ya ujanani katika mwili wa miaka 70.

Lakini kabla ya yote hayo umri wenyewe ujulikane. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mtafiti hulazimika kutunga kalenda ya matukio: ulikuwa umeolewa Uhuru ulipopatikana? Reli ilipofika Mpanda ulikuwa unachunga, au hujazaliwa? Wakimbizi walipowasili, mwanao wa kwanza alikuwa na kimo gani? Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iko misheni ya Mapadre Weupe tangu 1885, na vitabu vya ubatizo vya parokia za kale namna hiyo ni shahidi wa miaka ambao sensa haina. Hapo ndipo alipotibu watu Adrian Atiman, mtu wa Sudani ya Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuhudumu mpaka alipofariki mwaka 1956, mzee wa miaka karibu 90. Utabibu, basi, si mgeni katika pwani ile.

Kwa hiyo ningemshauri daktari wetu kijana asianze kwa kuwaandikia wafadhili wa Marekani. Achague kata moja, Usevya au Karema au Katumba, aombe ruzuku ndogo ya nyumbani, awashirikishe wahudumu wa afya ngazi ya jamii, aandikishe kila mwenye umri wa miaka 60 na zaidi kwa kalenda ya matukio ya hapo hapo, apime presha, sukari na macho, na awapangie njiti za kiberiti. Wenye presha apeleke majina yao kwenye dirisha la wazee la kituo cha afya kilicho karibu kabla hajaandika neno moja la ripoti. Mwaka wa pili arudi kuona ni nani amebaki, ni nani amehama na ni nani amefariki, na kwa maradhi gani. Na ombi lake kwa mfadhili mkubwa aliandike baada ya mzunguko huo wa pili, akiwa na hesabu mbili mkononi za kulinganisha.