Tarakilishi za shule: Kununua au kukodi? Uliza kwanza fundi atalipwa na nani

Ingia kwa chumba cha kompyuta cha shule nyingi za umma hapa Kenya na uhesabu mashine. Utapata ishirini, pengine thelathini. Sasa uliza ni ngapi zinawaka. Hapo ndipo mwalimu huanza kukuna kichwa.

Ndiyo maana ofa ya kukodi inaingia masikioni kama asali. Kampuni inakuja kwa bodi ya shule na kusema: msinunue, tutawaletea kompyuta mpya, mtalipa kidogo kidogo, na baada ya miaka mitatu tutazichukua tulete zingine. Tamu, si ndiyo? Lakini kabla mzazi wako aongezewe kitu kwa karo, hebu tupige hesabu.

Huu ni mfano tu, weka bei zako. Tuseme shule inataka kompyuta 30 za Sh40,000 kila moja. Kununua ni Sh1.2 milioni, papo hapo. Kukodi kwa Sh1,500 kila mashine kwa mwezi ni Sh45,000. Kwa miezi 36 hiyo ni Sh1.62 milioni. Umelipa Sh420,000 zaidi, na mwishowe mashine si zako.

Utasema kukodi ni kuibiwa mchana. Ngoja kwanza. Ile Sh420,000 ukiigawa ni Sh14,000 kwa kila mashine kwa miaka mitatu. Swali ni, inanunua nini? Kama ndani yake kuna fundi anayekuja akipigiwa simu, vipuri, bima ya wizi na mashine ya akiba moja ikizima, hiyo inaweza kuwa bei poa. Kama ni kuletewa kompyuta tu kisha mkaachwa hapo, mmechezwa.

Kununua nako kuna gharama ambazo hazionekani kwenye risiti. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, mashine inaungua. Kibodi na panya huchoka. Programu nazo huzeeka: Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi kuukuu hazina nguvu ya kubeba Windows 11. Shule iliyochangamkia mitumba ya bei rahisi sasa ina mashine zinazowaka lakini zimeachwa nyuma. Zinaweza kuokolewa kwa Linux, ambayo ni ya bure, ila lazima awepo mtu wa kuiweka.

Nchi hii imejaribu njia zote mbili, tena kwa pesa nyingi. Mwaka wa 2013 Jubilee iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 vilikuja vishikwambi, zaidi ya milioni moja, kwa shule za msingi zaidi ya 20,000. Vilinunuliwa, lakini vingi viliishia kufungiwa kabatini.

Kukodi nako tulikuona hospitalini. Mpango wa vifaa vya matibabu wa 2015 ulianza kwa kutoza kila kaunti Sh95 milioni kwa mwaka, na kufikia 2018/19 ilikuwa Sh200 milioni. Seneti ilipochunguza, ilipata vifaa vingine vimekaa bure kwa kukosa stima, maji au wataalamu, na kaunti bado zinakatwa pesa. Funzo ni lile lile: kama hakuna mtu wa kuitumia mashine na kuitunza, noma iko pale pale.

Kwa shule kuna noma nyingine: tarehe. Pesa za serikali kwa wanafunzi hugawanywa kwa mihula, na kila mzazi anajua jinsi zinavyochelewa. Bili ya kukodi haijui habari ya kuchelewa. Fikiria kampuni ikija kubeba mashine zake wakati watahiniwa wa kompyuta wanangoja karatasi ya vitendo ya KCSE. Mwalimu mkuu ataandika barua. Wewe uliyeketi darasani ndiye utakayebeba gredi.

Mimi nilitoka chuoni bila cheti, na kazi zote zinazonilisha zimepitia kwenye kibodi. Kwa hivyo nikisikia darasa zima linatazama mashine moja mwalimu akibonyeza, nashikwa na hasira. Huwezi kujifunza kuogelea ukiwa kando ya mto.

Basi shule yenu ifanye nini? Kama kuna mchango wa pamoja, labda wa mfadhili au harambee, na kuna mwalimu anayejua kufungua mashine na kuirekebisha, nunueni, kisha mtenge pesa za ukarabati kila muhula. Kama pesa huja kidogo kidogo na hamna fundi, kodini, lakini mkataba useme malipo ni kwa muhula, fundi afike ndani ya siku ngapi, nani analipa mashine ikiibwa, na kwamba hakuna kubeba kitu kabla mitihani kuisha. Pia ulizeni kama mwishoni shule inaweza kuzinunua kwa bei ya chini.

Na usidanganywe kwamba kukodi ni jambo la mwalimu mkuu kutia sahihi tu. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inahesabu kukodi kuwa ununuzi, hivyo taratibu zake lazima zifuatwe. Mzazi ana haki ya kuomba kuuona mkataba huo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 iko upande wake.

Kwa hivyo mkutano wa wazazi ukifika, mwambie mamako au babako asiulize kompyuta ni ngapi. Aulize ni ngapi zitakuwa zikiwaka miaka mitatu ijayo, na ni nani ameandika jina lake hapo chini.