Ekari Nne na Nusu za Shampeni

Katikati ya kijiji cha Le Mesnil-sur-Oger, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kuna shamba la mizabibu lililozungushiwa ukuta. Maandishi yaliyochongwa hapo yanaeleza kuwa ukuta ulijengwa, na mizabibu ikapandwa, mwaka 1698. Shamba lina hekta 1.84, sawa na ekari nne na nusu hivi, ilhali eneo zima la Champagne lina mizabibu ya hekta zipatazo 34,000. Zabibu za humo ni za aina moja tu, chardonnay, na mvinyo wake, Krug Clos du Mesnil, huuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja kwa chupa.

Cha ajabu ni kwamba kampuni inayoutengeneza ilijijengea jina kwa kufanya kinyume kabisa. Joseph Krug, Mjerumani mzaliwa wa Mainz, alianzisha kampuni yake mjini Reims mwaka 1843, na ufundi wake ulikuwa kuchanganya. Hadi leo shampeni kuu ya Krug, Grande Cuvée, huchanganywa kutokana na mivinyo zaidi ya 120 ya miaka kumi au zaidi. Sababu ni hali ya hewa. Champagne iko karibu na latitudo ya 49 kaskazini, ambako baridi kali ya mwezi Aprili huweza kuua machipukizi usiku mmoja, na mvua ya Septemba ikaozesha matunda yaliyonusurika. Anayechanganya mashamba mengi na miaka mingi hujaziliza upungufu wa huku kwa ziada ya kule. Ni bima.

Mwaka 1971 Krug walilinunua shamba hilo ili wajihakikishie chardonnay ya kuchanganyia. Lakini baada ya mavuno ya 1979, ndugu wawili, Henri na Rémi Krug, waliuonja mvinyo wake wakaamua usichanganywe na kitu. Ulianza kuuzwa mwaka 1986. Kwa uamuzi huo waliitupa bima: shamba likiharibikiwa, hakuna jirani wa kulifichia aibu. Ndiyo maana ipo miaka ambayo Clos du Mesnil haitolewi kabisa.

Shamba dogo hivyo lina nini? Chini yake kuna chaki, jiwe jeupe laini lililofanyika kutokana na magamba ya viumbe wadogo wa bahari iliyofunika eneo hilo zama za Kretasia. Siri yake ni vitundu. Mita moja ya ujazo ya chaki ya Champagne huweza kushika lita 300 hadi 400 za maji. Mvua ikizidi, jiwe huyanywa. Kiangazi kikikaza, huyaachia polepole kwenye mizizi.

Wapenzi wengi wa mvinyo hawaishii hapo. Utawasikia wakiapa kwamba wanaionja chaki yenyewe ndani ya glasi. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Wales amelipinga dai hilo kwa muda mrefu. Mizizi hailambi jiwe, bali hufyonza maji yenye madini yaliyoyeyuka, tena kwa kiasi kidogo mno, na jiwe lenyewe kwa kawaida halina ladha wala harufu ya kufika puani. Naona yuko sahihi. Shamba huuathiri mvinyo kwa njia zisizo na mahaba: maji kiasi gani, jua la saa ngapi, upepo unakingwa na nini, na zabibu zina asidi kiasi gani siku ya kuvunwa.

Asidi ndiyo uti wa mgongo wa shampeni. Kwenye joto, tunda hutumia asidi yake ya maliki wakati likipumua. Kwenye baridi huitunza. Mkulima wa Dodoma anayevuna zabibu mara mbili kwa mwaka ana jua la kutosha na ziada, lakini baridi ya namna hiyo hana. Na ni asidi hiyo inayouwezesha mvinyo kukaa chupani miaka mingi bila kuchuja.

Miaka hiyo ina kazi yake. Maji ya zabibu huchachushwa kwanza kwenye mapipa madogo ya mwaloni. Kisha mvinyo hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari, gramu 24 hivi kwa lita, na chupa kufungwa. Hamira hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi, ambayo kwa kukosa pa kutokea huyeyuka ndani ya mvinyo. Mgandamizo hufika takriban atmosfia sita, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Baadaye hamira hufa, na seli zake hupasuka taratibu na kuachia protini na asidi amino. Humo ndimo inamotoka ile harufu ya mkate uliookwa. Sheria inadai shampeni ya mavuno ya mwaka mmoja ikae angalau miaka mitatu. Clos du Mesnil siku hizi hukaa zaidi ya kumi.

Gharama ya kukaa muda huo ni gesi. Kizibo hakizuii kila kitu, na mwaka hadi mwaka kaboni dioksaidi hupenya nje kidogo kidogo. Gérard Liger-Belair, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Reims, ameonyesha kuwa gesi ikipungua, viputo huwa vidogo zaidi. Kwa hiyo viputo vidogo si dalili ya ufundi wa siri, bali mara nyingi ni dalili ya umri. Ameonyesha pia kwamba viputo vingi huzaliwa kwenye nyuzi ndogo za selulosi, zilizoachwa na kitambaa cha kufutia glasi au zilizodondoka kutoka hewani. Glasi safi kupita kiasi karibu haitoi viputo kabisa, habari mbaya kwa wanaosugua glasi zao mpaka zing'ae.

Hesabu ya asidi sasa inabadilika, kwa kuwa hali ya hewa inazidi kupata joto. Mavuno ya Champagne huanza wiki mbili na zaidi mapema kuliko miaka thelathini iliyopita. Mwaka 2003, baridi ya Aprili iliangamiza sehemu kubwa ya chardonnay, kisha joto likalazimisha kuvuna mwezi Agosti. Krug hata hivyo waliitoa Clos du Mesnil ya mwaka huo. Wengine wameanza kufuata chaki kaskazini, kwa kuwa tabaka za namna hiyo hupita chini ya Mlango Bahari wa Uingereza na kuibukia ng'ambo. Mwaka 2015 Taittinger, nyumba nyingine ya shampeni ya Reims, ilinunua ardhi katika jimbo la Kent ili ipande mizabibu yake huko.