Pilipili ya kukaanga na muchele: chakula cha siku ambazo kilima hakijalipa

Nyumba za wachimbaji wa Kibabi zinajua aina mbili za siku. Iko siku ya malipo, na ziko siku zingine zote. Siku ya malipo, kasiterite ao koltani imeshapimwa, PDG wa shimo amegawa feza, na mama anarudi kutoka soko na kipande cha nyama. Siku zingine, mifuko ingali inangojea mnunuzi, na nyumbani kuko muchele kidogo na swali moja tu: tutaukula na nini?

Swali hilo njo tunataka kujibu leo, na jibu letu ni pilipili. Hatusemi ile ya kuponda mbichi na chumvi, ambayo wengi tunaiweka kando ya sahani ili ulimi usahau kwamba mboga haikutosha. Tunasema pilipili iliyopikwa polepole mpaka ikawa mboga yenyewe, yenye kushibisha muchele na yenye kukaa siku kadhaa bila kuharibika.

Walio mabingwa wa kupika hivyo ni Wayoruba, watu wa kusini-magharibi ya Nijeria. Mchuzi wao wanauita obe ata: obe ni mchuzi, ata ni pilipili. Ndani yake kuko pilipili kubwa nyekundu isiyowasha sana, inayoitwa tatashe. Kuko pilipili ya mviringo iliyo kali, ata rodo. Kuko tomati na vitunguu. Zamani vyote vilisagwa juu ya jiwe, olo, na mama wengi wangali wanasema jiwe linashinda mashine. Katika jimbo la Ogun kuko mji wa Ofada, unaojulikana kwa muchele wake. Muchele huo unaliwa na mchuzi wa pilipili, tena mara nyingi unafungwa ndani ya majani, sawa vile kwetu tunavyofunga liboke.

Msomaji atasema: hiki ni chakula cha wageni. Lakini pilipili ni mgeni hata kwa Wayoruba. Mmea huo asili yake ni Amerika, na ulivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno waliufikisha kwenye pwani za Afrika, na leo hakuna jiko la Kiyoruba bila ata. Kwetu pia iko hivyo. Sambaza tunazokula kila juma hazikuwa katika Ziwa Kivu. Zilitolewa Tanganyika na kutiwa humo karibu na mwaka 1959. Chakula kinakuwa cha watu pale wanapojua kukipika.

Vitu vya kutafuta

Kwa watu 6, kamata tomati 4 zilizoiva, poivron nyekundu 3, vitunguu 2 vikubwa na pilipili kali 2. Nyumba yenye watoto wadogo iweke pilipili kali 1 tu. Ongeza mafuta ya mawese kama kikombe kimoja kidogo, chumvi, na konzi moja ya sambaza ao ndagala kavu.

Wayoruba wanatia iru, ni kusema mbegu za mti zilizochachishwa, zenye harufu nzito. Hapa sambaza kavu zinafanya kazi ile ile: zinaleta ladha ya nyama bila nyama. Zitoshe vichwa, zikaange kidogo bila mafuta, kisha zitwange. Na kama poivron imepanda bei, weka tomati 2 zaidi. Mchuzi utakuwa na uchachu kidogo, lakini utaliwa.

Mawese yanatoka chini, upande wa Walikale, kwa sababu mchikichi unapenda joto na mvua ya msituni. Njo maana barabara ikikatika, bei yake inapanda huku juu. Mwenye kupata mawese mazuri asiyamalize kwa siku moja. Mchuzi huu unasaidia hapo pia: mafuta yanayoelea juu yake mkimaliza kula yanaweza kupika maharagi ya kesho.

Namna ya kupika

Saga tomati, poivron, pilipili na kitunguu kimoja kwa jiwe ao kwa kinu. Usitie maji, maana tomati zina maji ya kutosha.

Tia vyote ndani ya sufuria bila mafuta, weka juu ya mbabula, acha vichemke huku kifuniko kiko wazi. Hapa njo siri yote iko. Maji lazima yatoke. Wengi wetu tunamimina mafuta juu ya tomati zenye maji, tunaona mchuzi mwekundu, tunatosha haraka kwa sababu makala iko bei. Mchuzi wa namna hiyo una uchachu, na kesho yake umeshaanza kutoa povu. Ngoja karibu nusu saa, mpaka kijiko kikipita kati kinaacha njia.

Kisha weka sufuria ingine na mawese. Yakipata moto, tia kitunguu cha pili kilichokatwa, halafu sambaza, halafu ule uji mzito wa pilipili. Punguza makala. Geuza, geuza tena, kwa dakika 15 ao 20. Mwanzoni mafuta yatapotea ndani ya mchuzi. Yakirudi juu na kuelea pembeni, jua chakula kimeiva. Chumvi inawekwa mwisho, maana mchuzi unapopungua chumvi inazidi.

Nijeria wako wanaochoma mawese mpaka rangi nyekundu inapotea, hasa kwa ule mchuzi wa pilipili za majani mabichi unaoitwa ayamase. Sisi hatushauri kufanya hivyo nyumbani kwenye watoto. Ule wekundu wa mawese ndio mwili unageuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho na kinga dhidi ya magonjwa. Ukiuchoma, umenunua dawa na kuitupa motoni. Tena moshi wake unaumiza kifua cha mpishi, na mafuta yaliyozidi moto yanawaka.

Muchele nao una neno lake. Kwenye milima ya Masisi maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100, kwa sababu tuko juu. Kwa hiyo muchele unachukua muda zaidi kuliko kule bondeni. Uloweke kwanza nusu saa, ufunike vizuri, utakula makala kidogo.

Chakula cha kupanda nacho kilimani

Sasa ndugu wachimbaji, hapa tunataka mtege masikio. Wengi wanapikiwa muchele usiku, unafungwa wa moto ndani ya kindoo, asubuhi unapanda nao shimoni na kuliwa saa nane ya mchana. Kiko kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus. Kinaishi ndani ya punje za muchele, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Muchele ukikaa masaa mengi katika uvuguvugu, zinaamka na kutoa sumu. Sumu hiyo inaleta kutapika na kuhara, na hata ukiupasha muchele tena, sumu inabaki. Mtu akiishiwa nguvu ndani ya shimo, hatari si yake peke yake.

Kwa hiyo gawanya safari. Mchuzi unapanda kilimani ndani ya kopo safi lenye kifuniko. Muchele unapikwa kule kule, siku ile ile, na kuliwa ungali wa moto. Mchuzi uliotolewa maji vizuri, ukichemshwa kila asubuhi na kila jioni, unakaa siku 3. Kila mara kijiko kiwe kikavu na kisafi, maana tone moja la mate linatosha kuuharibu. Na usitumie kopo ao bidon iliyobeba mazutu, dawa za shamba ao kitu cha kazi ya mawe, hata kama umeiosha mara kumi. Kama mchuzi unatoa povu ao harufu imebadilika, mwaga. Hasara ya kikombe cha mawese ni ndogo kuliko bei ya hospitali.

Tusisahau mikono pia. Vumbi la shimo halipashwi kuingia chakulani. Maji na sabuni kwanza, sahani baadaye.

Pilipili inapouma

Kinachowasha ndani ya pilipili kinaitwa kapsaisini. Hakiyeyuki vizuri ndani ya maji, kinayeyuka ndani ya mafuta. Hii inaeleza mambo matatu ya jikoni. Kwanza, njo sababu ukali unatulia na kusambaa sawasawa ukikaanga. Hata ile Akabanga ya Rwanda, inayouzwa ndani ya kachupa ka matone, ni mafuta yaliyobeba pilipili. Pili, mama aliyekata pilipili asikimbilie maji peke yake. Ajipake mafuta ya kula mikononi, apanguse, kisha aoshe kwa sabuni, mbele ya kugusa macho yake ao kushika mtoto. Tatu, mtoto akilia mdomo unawaka, kumpa maji ni kumzungusha mdomoni moto ule ule. Mpe maziwa. Masisi ni nchi ya ng'ombe. Kikombe cha maziwa ao kipande cha jibini kinatuliza haraka.

Mwenye vidonda vya tumbo asijilazimishe. Apikiwe sehemu yake bila pilipili kali, kwa tomati, poivron na sambaza, ladha itabaki. Mama mwenye busara anatosha fungu la watoto kwanza, nakisha ndipo anatia ile kali ya baba.

Hesabu ya mwisho iko hivi. Nyama ya siku ya malipo inaisha siku ile ile, na kesho mtoto anauliza tena. Ukitenga sehemu ndogo ya feza hiyo kwa mawese, tomati na sambaza kavu, ukapika sufuria moja mchana ule ule, unapata mboga ya siku 3 zinazofuata. Mnunuzi wa mawe achelewe akitaka. Muchele wa nyumbani utakuwa na mwenzake.