"Put on", "put off", "put back": kitenzi kidogo chenye mitego mingi

Mzazi aliyezoea vibanda vya mitumba katika soko la Owino, jijini Kampala, akiulizwa kwa Kiingereza mwanawe alikuwa amevaa nini, yumkini atajibu: "He was putting on a red sweater." Mganda yeyote atamwelewa papo hapo. Lakini askari wa Australia au Uingereza anayeandika taarifa za mtoto aliyepotea atasita, kwani masikioni mwake sentensi hiyo yasema mtoto alikuwa akilivaa sweta wakati ule ule, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Atauliza tena, na katika shughuli ya namna hiyo kila dakika ina thamani.

Matumizi haya yameenea mno nchini Uganda. Kiingereza cha huko kina tabia zake, hata Bernard Sabiti akakitungia kamusi mwaka 2014 kwa jina la "Uglish". Na Owino, ambalo kwa jina rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ni mahali panapofaa kuanzia maelezo yetu, maana huko habari ya kuvaa na kuvua ndiyo riziki ya watu.

Chanzo chake si uzembe. Mswahili husema "amevaa", Mganda husema "ayambadde", na maneno yote mawili hueleza kitendo kilichokwisha ambacho matokeo yake bado yaonekana mwilini. Kiingereza hakina njia hiyo. Kimegawa kazi kwa vitenzi viwili: "put on" ni kule kuingiza nguo mwilini, na "wear" ni kukaa nayo. Kwa hiyo "alikuwa akivaa" ni "he was putting on", ilhali "alikuwa amevaa" ni "he was wearing". Anayetafsiri "ayambadde" moja kwa moja hujikuta ameshika kitenzi kisicho chake.

Tofauti nyingine ni ya muundo. Lugha zetu hugeuza mkia wa kitenzi: vaa, valisha, vua, na kwa Kiganda yambala, yambaza, yambula. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo, kikakitundikia kijineno nyuma yake, na maana ikahama kabisa. "Put" ni kuweka, "up" ni juu, "with" ni pamoja na, lakini "put up with" ni kuvumilia. Hakuna hesabu itakayokufikisha hapo. Neno lote sharti lijifunzwe kama lilivyo.

Wapo wanaosema "put off" kwa maana ya kuvua, kinyume cha "put on". Si upuuzi: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia maneno hayo hayo pale Musa anapoamriwa kuvua viatu. Siku hizi, hata hivyo, kuvua ni "take off", na "put off" zaidi ni kuahirisha au kumkatisha mtu hamu. Harufu mbaya "puts you off" chakula. Taa ukiizima kwa "put off" utaeleweka, ila moto huzimwa kwa "put out". Wachuuzi wa Owino, ambao soko lao liliungua mwaka 2009 na likaungua tena baadaye, hawahitaji kuelezwa uzito wa kitenzi hicho.

Sokoni kwenyewe yako mengine. Muuzaji akipandisha bei, "he has put up the price". Ukitanguliza fedha kidogo ili uwekewe nguo, "you put down a deposit". Lakini "put down" ukiielekeza kwa mtu ni kumdharau mbele ya wenzake, na kwa mnyama mgonjwa ni kumuua ili asiteseke. Daktari wa mifugo akilitamka neno hilo, muulize vizuri kabla hujaitikia.

Utaratibu mmoja hauna msamaha. Unaweza kusema "put on the coat" au "put the coat on", lakini ukitumia "it" lazima ikae katikati: "put it on", kamwe si "put on it". "Put up with" haikubali kugawanywa hivyo. Husemwa "put up with it".

Mtego mkubwa zaidi kwa msikilizaji aliye ugenini umo katika simu ya hospitali. Ukiambiwa "your appointment has been put back", usidhani miadi yako imerudishwa mahali pake. Imesogezwa mbele, hadi siku ya baadaye, nawe ukienda siku ile ya kwanza hutampata daktari. Uliza tarehe mpya, uiandike. Na mhudumu akisema "I'm putting you through", hajakuaga wala hajakukataa: anakuunganisha na mtu mwingine, basi usikate simu.