Sura ya 4: Joto la Breki na Joto la Isyo

Lori linalofunga breki karibu na Sultan Hamud, bati la paa saa sita mchana na sufuria ya isyo (mahindi na maharagwe) inayotokota Kasikeu huko Ukambani vinafanana kwa jambo moja: ndani yake chembe ndogo mno zinatikisika kwa kasi kuliko awali. Mtikisiko huo ndio joto. Tofauti ni nishati iliyouanzisha.

Lori la tani 40 likienda kilomita 80 kwa saa lina takriban kilojuli 9,900 za nishati ya mwendo. Likisimamishwa kwa breki, msuguano huigeuza karibu yote kuwa joto, kiasi cha kuchemsha lita 30 za maji ya mtungini. Ndiyo maana breki hutoa moshi kwenye miteremko mirefu. Wazee waliopekecha vijiti hadi moto ukawaka walitegemea msuguano uo huo. Jua halihitaji kusugua chochote: mwanga wake, unaofikia wati 1,000 hivi kwa mita ya mraba, humezwa na bati nalo likapata moto. Katika birika la umeme, elektroni hupita kwa shida ndani ya waya, zikigonga atomi zake na kuzitikisa.

Kuni nazo ni nishati ya jua ambayo mti uliiweka akiba. Zinapoungua, kaboni na haidrojeni huungana na oksijeni, na nishati inayobaki hutoka kama joto. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban kilojuli 15,000, za kuchemsha zaidi ya lita 40. Lakini kwenye mafiga matatu, sehemu kubwa huchukuliwa na upepo. Hasara hiyo inauma katika nchi kame kama Ukambani, ambako mti huchukua miaka mingi kukomaa.

Hasara nyingine hufichwa na mvuke. Kasikeu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Yakishachemka, hata ukirundika kuni joto lake halipandi tena. Moto wa ziada huyageuza mvuke tu, na kukausha lita moja hula nishati mara 7 ya ile iliyoichemsha. Isyo haiivi upesi kwa fujo hiyo. Loweka maharagwe usiku kucha, funika sufuria, na maji yakianza kutokota chomoa kuni, ubakishe moto wa kuyaweka hapo tu.