Jalada: Jinsi Linavyobuniwa na Jinsi ya Kulichanganua

Utangulizi

Wanafunzi wengi huzipita mbio kurasa za mwongozo zinazohusu jalada ili wafike kwenye maudhui na wahusika. Huliona jalada kuwa pambo tu. Ukweli ni kwamba jalada ni dai la kwanza kuhusu kitabu. Humweleza msomaji kisa ni cha nani na kinahusu nini hata kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Dai hilo laweza kuwa la kweli au la kupotosha. Ili uweze kulipima, jiweke katika nafasi ya msanii anayelibuni. Tutafanya hivyo kwa mfano mmoja, kisha turejee kwenye kitabu chako teule.

Kitabu cha mfano

Tuseme umepewa kazi ya kubuni jalada la wasifu wa Nathanael Herreshoff, msanifu wa yoti aliyeishi Bristol, katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Yoti ni mashua ya matanga ya starehe au ya mashindano. Anwani ya kitabu tunachokibuni ni Mikono Minne.

Hatua ya kwanza ni kukijua kisa. Herreshoff alizaliwa mwaka wa 1848 na kufariki mwaka wa 1938. Yoti tano alizozisanifu zilitetea kombe la America's Cup mara sita kati ya 1893 na 1920. Kubwa zaidi kati yazo ilikuwa Reliance ya mwaka wa 1903, yenye urefu wa zaidi ya mita 40. Iliishinda Shamrock III, yoti ya Thomas Lipton, yule mfanyabiashara wa majani chai ambaye jina lake bado unaliona madukani. Miaka kumi baadaye, Reliance ilivunjwavunjwa.

Herreshoff hakuanza kazi kwa kuchora kwenye karatasi. Alichukua kipande cha mti na kuchonga umbo dogo la nusu ya chombo, kwa kuwa upande wa pili hufanana na wa kwanza. Kutokana na umbo hilo alipata vipimo vya kuundia chombo kamili. Kaka yake mkubwa, John, alipoteza uwezo wa kuona akiwa kijana. Mwaka wa 1878 ndugu hawa wawili walianzisha kampuni ya kuunda mashua. John aliendesha biashara, na alizikagua kazi za mdogo wake kwa kuyapapasa maumbo hayo ya mti kwa vidole.

Kuchagua picha

Sasa una picha tatu za kuchagua.

(a) Yoti ya Reliance ikiwa imetanda matanga yote baharini. Picha hii inavutia, na huenda ndiyo iliyokujia akilini kwanza. Lakini inadai kwamba kitabu kinahusu mashindano. Mhusika mkuu hayupo, na chombo chenyewe kilidumu miaka kumi tu katika maisha ya miaka tisini.

(b) Uso wa mzee Herreshoff. Hapa mhusika yupo, ila kazi yake haipo. Mzee huyu angeweza kuwa hakimu au mkulima.

(c) Mikono ya watu wawili juu ya umbo dogo la mti. Mikono ya mmoja inachonga kwa kisu, ya mwingine inapapasa. Picha hii inabeba ufundi, undugu, ushirikiano na nafasi ya watu wenye ulemavu katika jamii. Pia inaifafanua anwani: mikono minne ni ya ndugu wawili.

Picha ya (c) ndiyo bora. Zingatia sababu yake: si kwamba inapendeza kuliko nyingine, bali kila kilichomo kina ithibati kitabuni.

Rangi, mandhari na upande wa nyuma

Rangi nazo lazima zitetewe. Kahawia ya mti inafaa kutawala kwa sababu kazi ilianzia kwenye mti. Mstari mwembamba wa samawati upande wa chini unaweza kuashiria bahari inayokingoja chombo.

Jihadhari na mandhari. Kwa kuwa sisi tumezoea majahazi ya Lamu, ni rahisi kuchora tanga la jahazi. Matanga ya Reliance hayakuwa ya umbo hilo. Ukilichora, umekihamisha kisa kutoka Bristol hadi pwani yetu.

Jalada la nyuma hubeba maelezo mafupi ya kitabu. Lengo lake ni kuamsha hamu, si kufichua kila kitu. Ungeweza kuandika kuhusu kijana anayechonga na kaka asiyeona anayemkagua, ukamwacha msomaji ajiulize wawili hawa watafika wapi.

Kuchanganua jalada la kitabu chako

Chukua kitabu chako teule uifuate njia hiyohiyo kwa hatua tatu:

1. Taja kinachoonekana: watu, vitu, rangi, mandhari.
2. Eleza kinachoashiriwa.
3. Toa ithibati kutoka kwenye kisa.

Tazama majibu haya mawili kuhusu jalada letu.

Jibu A: Jaladani kuna mikono, kisu na kipande cha mti. Rangi ni kahawia na samawati.

Jibu B: Mikono inayopapasa umbo la mti inaashiria mchango wa John, ambaye hakuona lakini aliikagua kazi ya mdogo wake kwa vidole. Hivyo jalada linaendeleza maudhui ya ushirikiano.

Jibu A limekomea hatua ya kwanza. Jibu B limezipitia zote tatu. Mtu ambaye hajasoma kitabu angeweza kuandika jibu A. Jibu B haliwezi kuandikwa bila kusoma.

Hatimaye, uliza pia kilichoachwa nje. Hakuna jalada linalobeba kitabu kizima. Letu limeacha ushindi na vifijo. Ukiweza kueleza kwa nini msanii wa kitabu chako alimchora mhusika mmoja na kumwacha mwingine, umeanza kuhakiki.

Maswali ya marudio

1. Eleza uhusiano uliopo kati ya anwani Mikono Minne na picha ya (c). (alama 4)
2. "Picha nzuri yaweza kuwa jalada baya." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea picha ya (a). (alama 6)
3. Buni jalada mbadala la kitabu chako teule. Tetea picha na rangi utakazochagua kwa ithibati kutoka kitabuni. (alama 10)