Kununua Viazi Moja kwa Moja Shambani: Familia 10, Gunia 1, Malipo kwa Simu

Kama kila jioni unanunua viazi vya 50 bob, hii ni yako. Wengi hununua hivyo si kwa kupenda, ni vile pesa ya siku hupatikana kwa siku. Shida ni kwamba kununua kadogo kadogo ndiyo njia ghali zaidi ya kula. Na huko Kinangop, mkulima amevuna, mvua inakuja, broka amefika na lori na bei yake mkononi.

Tupige hesabu ya mfano, maana bei hubadilika kila wiki. Tuseme mkulima anawauzia gunia la kilo 50 kwa 2,500, na usafiri hadi Nairobi ni 400. Jumla 2,900. Familia 10 zikigawana, kila moja inalipa 290 na kubeba kilo 5. Kama fungu la 50 bob lina nusu kilo, kilo hizo 5 zingekula 500. (Kilo 50 ndicho kipimo cha juu kwenye kanuni za viazi za 2019, kwa hivyo mkulima akilazimishwa kujaza lumbesa, ana haki ya kukataa.)

Sawa, lakini 290 kwa mpigo si mchezo. Basi wekeni 29 bob kwa siku 10. Angalieni ada kwanza: kama kila 29 inakatwa, kila mtu ajiwekee kwa simu yake kisha atume 290 mara moja. Pesa zikae kwenye akaunti ya kikundi ambayo mtu mmoja hawezi kutoa peke yake.

Na jirani asiyeweza hata 29? Ndugu yake aliye mbali anaweza kulipia sehemu yake moja kwa moja kwa till ya mkulima. Sisemi watu hawajui kutumia pesa. Ni vile mwenye nyumba akigonga mlango, viazi husubiri.

Sasa usalama, na hapa naongea kwa uchungu. Mwaka jana nilimtumia muuzaji wa mtandaoni 1,500 ya "deposit". Sijaona hata kiazi kimoja, na kazi yangu ni hii hii ya malipo! Kwa hivyo mtu mmoja wa kikundi aende shambani mara ya kwanza, ama mtume mtu mnayemwamini huko. Ombeni nambari ya till. Jina likitokea kwenye skrini lisomeni. Kama si la mkulima ama shamba lake, simamisheni. Lipeni nusu gunia likipakiwa, nusu likifika na kupimwa. Mkulima naye asipakie kwa kuonyeshwa meseji tu, kwa sababu meseji feki ni nyingi. Aangalie salio lake mwenyewe.

Mama mboga msimruke. Ana mizani, ana pa kuweka gunia, na anajua nani mtaani hajapika tangu jana. Mpeni chake awagawie.

Kila malipo yakiisha, fowadini ile meseji kwa grupu siku hiyo hiyo. Na viazi vyenu viwekeni gizani, pakavu. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na kuwa vichungu, na hivyo si vya kula.